Harufu Iliyokatazwa

"Si aseniki," alisema Daktari Lieu. "Si dawa ya panya. Si dawa ya kupulizia mpunga. Maabara wamerudisha majibu saa moja asubuhi, Ba'mdogo, na majibu yote ni hapana."

Inspekta Thoai aliipokea karatasi akaisoma mwenyewe, kana kwamba macho yake ya miaka hamsini na mbili yangeona kitu ambacho ya daktari wa miaka thelathini na nne yamekipita. Hayakuona kitu. Akaikunja, akairudisha.

"Basi ile harufu inatoka wapi?"

"Ndiyo ninayokuuliza wewe. Mpelelezi ni nani kati yetu?"

Walikuwa wamesimama mlangoni mwa chumba cha mahututi cha hospitali ya mkoa. Kitandani alilala Tinh Nhu, mtawa wa miaka ishirini na sita, mwili mdogo kama wa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mwendesha bodaboda mmoja ndiye aliyemleta juzi, baada ya kumkuta ameanguka nje ya lango la hekalu lao huko kando ya mfereji wa Rach Ngang, ndoo ya maji bado iko mkononi. Na tangu aletwe, kila alipotoa pumzi, chumba kizima kilinuka kitunguu saumu.

Kwa mtu mwingine ungesema amekula supu akalala, yamekwisha. Lakini watawa wa hekalu lile hawagusi nyama, samaki, yai wala maziwa ya ng'ombe, na kitunguu cha aina yoyote ndiyo kabisa, wanasema kinachemsha damu na kuamsha hasira. Daktari Lieu alipoisikia harufu hiyo kwenye kinywa cha mtawa, alifikiria sumu kabla ya kufikiria supu. Akapiga simu polisi.

"Moyo wake unachoka," alisema sasa. "Ini nalo linachoka. Nikijua jina la sumu nitajua pa kushika. Nisipojua nabahatisha tu."

"Unaweza kubahatisha mpaka lini?"

"Niletee jina kabla ya jioni, Ba'mdogo."

"Na jioni ikifika?"

Daktari aliingia hadi kitandani. Aliuinua mkono wa mgonjwa akaugeuza. "Tazama kucha."

Kila ukucha ulikuwa na mstari mweupe uliokatiza upande hadi upande. Wa kidole cha kati ulikuwa umeng'oka, na wa gumba ulishikilia kwa pembe moja tu. Thoai akatoa daftari lake, akaandika: *kucha*. Hakujua aandike nini zaidi, akalifunga.

Saa tatu kasoro alikuwa langoni pa hekalu. Mtawa mnene mwenye kitambaa cha kahawia kichwani alimfungulia, akamsogelea kidogo, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Inspekta, umekula vitunguu saumu."

"Kidogo tu, dada. Vilikuwa kwenye supu ya tambi."

"Basi na wewe utakaa nje kidogo tu."

Akawekewa kigoda cha plastiki uani, chini ya upenu, mbali na ukumbi wa ibada. Upande wa pili wa ua watawa wanane walikuwa wamekaa chini wakitengeneza taa za karatasi zenye umbo la yungiyungi, kwani keshokutwa, mwezi ukipevuka, ni sikukuu ya Kuzaliwa kwa Budha. Mikono ilikwenda, midomo imefungwa. Kila mmoja alikuwa na kitambaa cha kahawia kichwani, na kila mmoja alimtazama Thoai kwa jicho la pembeni.

Bibi Mkuu alikuja akitembea polepole bila fimbo. Alikuwa na miaka sabini na minane, na alikaa upande ule upepo ulikotoka, ili mdomo wa mgeni usimfikie.

"Bibi Mkuu, mwanao naomba radhi kwa mdomo wangu huu."

"Mdomo wako hauna kosa, mwanangu. Wewe hukula kiapo. Sema."

"Hapa mnaweka dawa ya panya?"

"Hapa hatuui. Panya wana fungu lao la wali kule nyuma ya jiko, na wameheshimu mapatano kuliko mafundi wa paa."

"Dawa ya wadudu, bustanini?"

"Wadudu wana fungu lao pia. Ndiyo maana mboga zetu zina matundu."

"Mna adui?"

"Mwenye adui ni mwenye mali. Sisi tuna mabwawa mawili ya yungiyungi na paa linalovuja. Anayelitaka hilo paa aje alichukue."

Thoai aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Bibi huyu alikuwa na ulimi. Akamwachia anywe chai yake kidogo, kisha akauliza lile aliloliendea.

"Harufu ya Dada Tinh Nhu ilianza lini?"

Bibi Mkuu alikiweka kikombe chini. "Mwezi wa tatu, tarehe nane." Watu wa hekaluni huhesabu kwa mwezi mwandamo, na siku hii ilikuwa kumi na tatu ya mwezi wa nne. Thoai akapiga hesabu. Siku thelathini na tano.

"Ukafanya nini?"

"Nilichofanyiwa mimi nilipokuwa mdogo, na kinachofanywa kwa yeyote. Nilimwita nikamuuliza. Akakana. Siku ya pili nikamuuliza, akakana. Siku ya tatu akakiri."

"Alikiri amekula wapi?"

"Hakusema."

"Alipewa na nani?"

"Hakusema."

"Kuna aliyemwona akila?"

"Wa nini wa kuona, mwanangu, na pua tulikuwa nazo kumi na moja?"

Aliyeonja kitunguu haingii ukumbini, halali na wenzake, hali nao. Ndivyo kanuni zinavyosema, na Bibi Mkuu alizifuata bila kuongeza wala kupunguza. Tinh Nhu alihamishiwa stoo iliyo jirani na jiko. Alfajiri alisujudu mara mia na nane peke yake kwenye sakafu ya saruji. Chakula alipelekewa huko huko.

"Harufu ikaisha?"

"Ikazidi. Nikajua anaendelea kula."

"Daktari hamkumwita?"

"Daktari wa nini? Dhambi haichomwi sindano." Alisema hivyo kwa ukali, kisha vidole vyake vikaanza kuzihesabu shanga za tasbihi upesi upesi, na Thoai, ambaye ametazama mikono ya watu kwa miaka ishirini na saba, akajua kwamba bibi huyu ameanza kuogopa.

Alisimama kunyoosha mgongo, akatembea taratibu hadi walipokaa watengeneza taa. Aliyekuwa karibu alikuwa yule mnene wa langoni. Alipaka gundi kwenye petali ya karatasi kwa kidole cha shahada, na ukucha wa kidole hicho ulikuwa na mstari mweupe.

Thoai akachuchumaa.

"Dada, kucha zako zimefanyaje?"

"Gundi hii, Inspekta. Inatafuna."

"Na za jirani yako?"

Jirani aliificha mikono ndani ya mikono mipana ya joho lake. Thoai akamtazama wa tatu, wa nne. Mstari, mstari, plasta. Gundi gani hiyo inayomfuata na mtu wa stoo ambaye hakutengeneza taa hata moja?

"Mlinyoa lini mara ya mwisho?"

Mtawa mnene akacheka kwa mshangao. "Makubwa! Tarehe thelathini, kama kawaida. Kesho, kumi na nne, tunanyoa tena. Unataka kunyolewa?"

"Basi leo kila kichwa hapa kina nywele za siku kumi na tatu."

"Ndivyo."

Alirudi kwa Bibi Mkuu akainama mbele yake, viganja vimekutana kifuani. Ombi lenyewe lilimtia haya hata kabla halijamtoka.

"Bibi Mkuu, mwanao naomba mvue vitambaa."

Mikono yote kwenye taa ikasimama. Hata kijiko kilichokuwa kikigonga sufuria jikoni kilitulia.

"Mwanamume umekuja na mdomo unaonuka," alisema Bibi Mkuu, "na sasa unataka vichwa vya watawa wangu?"

"Nataka kuona nywele tu. Dada Tinh Nhu ana mpaka jioni."

Bibi Mkuu alimkazia macho. Kisha akaunyanyua mkono, akavua kitambaa chake mwenyewe kwanza. Kichwa kizima kilikuwa kimejaa vinyweleo vyeupe, vifupi, vilivyosimama sawasawa. "Haya," aliwaambia wengine. "Vueni. Na Dieu Man naye atoke jikoni."

Mpishi, Dada Dieu Man, mwanamke wa miaka sitini mwenye mabega mapana, alitoka akijifuta mikono kwenye aproni. Sasa walikuwa kumi uani, na vitambaa tisa vikavuliwa.

Thoai alipita mbele yao mmoja mmoja. Kichwa cha kwanza kilikuwa na viraka, hapa nywele, pale ngozi tupu inayong'aa. Cha pili vilevile. Cha tatu hakikuwa na unywele hata mmoja, laini kama bakuli lililooshwa. Alimaliza mstari. Vichwa tisa vilikuwa vimenyonyoka, na wenyewe walikuwa wakitazamana kwa mara ya kwanza mchana kweupe bila vitambaa, wakijishika, wakishikana. Mtu wa mjini nywele zikimtoka kwenye chanuo atapiga kelele siku ya kwanza. Hawa chanuo wangelitoa wapi? Wembe ulizichukua zilizobaki, na zilizokufa zikafichwa na wembe huo huo.

"Nani anasikia ladha ya ajabu mdomoni?" aliuliza Thoai.

Mmoja akalamba midomo.

"Kama shaba? Kama sarafu ulimini?"

Mtawa wa mwisho kwenye mstari akanyoosha kidole, akakishusha. Kisha yule mnene akasema kwa sauti ya chini, "Mimi. Tangu mwezi jana. Na harufu pia. Nasukutua kwa chai kabla ya kuingia ukumbini."

"Mimi pia," alisema mwingine.

"Na mimi."

"Kwa nini hamkusema?" Bibi Mkuu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

Jibu lilikuwa limelala hospitali. Walikuwa wameona aliyenuka kwanza amefanywa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga, ila wahenga hawakusema ufanyeje pale maradhi yenyewe yanapohesabiwa dhambi. Thoai alihisi hasira ikimpanda, akaimeza, kwa sababu hakuona wa kumtupia.

Akamgeukia Bibi Mkuu. Sasa alimuuliza kama anavyouliza ofisini, bila mwanao wala mwanangu.

"Watu kumi na mmoja, hekalu moja, jiko moja. Kumi wana sumu mwilini. Wewe huna. Kwa nini?"

"Unanishuku mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Watawa nao walikuwa wakimtazama. Kikongwe yule alizungusha macho kutoka uso hadi uso, akaona swali lile lile katika kila uso.

"Wali ni sufuria moja," alisema. "Mboga ni sufuria moja. Tofu, uyoga, mchuzi, nakula kile wanachokula. Maji ni ya kisima kimoja."

"Lazima kuna kitu. Tafuta."

"Maziwa ya soya," alisema ghafla. "Ya asubuhi. Tumbo langu limeyakataa miaka mingi, yananijaza gesi. Wao wakinywa maziwa, mimi nanywa chai."

"Yanagawiwaje?"

"Kwa daraja. Aliyekula kiapo zamani anatangulia, mdogo anakuja mwisho."

"Na mdogo kuliko wote ni nani?"

"Tinh Nhu."

Anayekuja mwisho hupata ya chini ya sufuria, na kinachozama hukaa chini ya sufuria. Thoai alikuwa na jibu la kwa nini yeye alinuka wa kwanza. Akageuka kumtafuta mpishi. Dieu Man hakuwa uani tena.

Alimkuta jikoni, amesimama kando ya meza kama mtu anayesubiri mgeni. Juu ya meza, kati ya gudulia la mchuzi wa soya na kikapu cha uyoga, alikuwa ameweka kopo. Lilikuwa na picha ya nguruwe anayecheka. Katika jiko lile ambalo halijawahi kuona hata ganda la yai, nguruwe yule alikuwa kioja.

"Sikuweka sumu," alisema Dieu Man. "Niliweka dawa."

Thoai alivuta kigoda akampa, akavuta kingine akakaa. "Nieleze, dada. Polepole."

Alieleza. Mwezi wa pili, mwezi ulipopevuka, madaktari wa kujitolea walikuja kupima watu presha uani pa hekalu, na mmoja wao akatoa mhadhara. Alisema wasiokula nyama wala samaki wala mayai waangalie wasipungukiwe na seleniamu. Mwili unaihitaji chembe tu, jicho haliioni, lakini ikikosekana moyo unalegea. Inatoka ardhini, na ardhi nyingine hainayo. Dieu Man alifungua daftari lake la mapishi akamwonyesha Thoai alivyoandika siku ile: uyoga, mchele usiokobolewa, mbegu za alizeti, na zile karanga kubwa za Brazili, mbili kwa siku, zisizidi.

"'Zisizidi' umeandika mwenyewe," alisema Thoai.

"Niliandika kuhusu karanga. Nilizitafuta mjini nikazikuta, bei ikanirudisha nyumbani. Nikamlilia shida ndugu Quyet, muumini wetu, anauza chakula cha mifugo sokoni. Akanicheka. 'Dada, unahangaikia nini? Hiyo hiyo ndiyo wanayopewa nguruwe. Watoto wa nguruwe wakiikosa wanaanguka, moyo puu! Nitakuletea kopo zima iwe sadaka.'"

"Ukapima vipi?"

"Ncha ya kijiko kwenye sufuria."

"Nani alikuambia ncha ya kijiko?"

"Mkono wangu." Aliutazama. "Inspekta, nimepika hapa miaka thelathini. Sijawahi kupima chumvi."

Thoai aliligeuza kopo. Maandishi yalikuwa madogo, akalisogeza mwanga wa dirisha. Gramu thelathini kwa tani moja ya chakula cha nguruwe. Changanya kwa mashine. Usiguse kwa mkono mtupu.

"Na Tinh Nhu, alipohamia stoo?"

Dieu Man alianza kulia hapo, bila sauti, machozi yakishuka tu. "Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nilimwona anaisha. Miguu inatetemeka, kucha zinamtoka. Nikasema huyu mtoto amepungukiwa kuliko wengine. Nikawa namwekea yake kwenye kikombe chake mwenyewe. Ncha moja. Akazidi kudhoofika, nikaweka mbili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka juzi asubuhi."

"Juzi uliweka kiasi gani?"

"Kijiko kizima. Alikuwa hawezi kusimama, Inspekta. Aliniambia, 'Shangazi, yana uchungu.' Nikamwambia kunywa, mwanangu, dawa ni chungu. Akanywa yote. Halafu akaenda kuchota maji ili nisichoke."

Thoai alitoka nje kwanza, akasimama kando ya rundo la kuni, akapumua. Halafu akapiga simu sokoni.

"Kaka, mimi nilimwambia ni ya nguruwe!" Quyet alipiga kelele hata kabla ya kuulizwa mara mbili. "Lebo si ipo? Na picha ya nguruwe si ipo?"

"Ulimwambia aweke kiasi gani?"

"Nilimwambia kidogo. Kidogo tu! Kaka, mimi nilikuwa natafuta thawabu."

"Usiondoke dukani. Kuna askari anakuja."

Simu ya pili ilikuwa kwa daktari. Alimsomea lebo neno kwa neno, akamweleza vichwa, kucha, ladha ya shaba, kijiko kizima.

"Mama yangu," alisema Daktari Lieu. "Seleniamu. Harufu, nywele, kucha, yote yapo kitabuni. Tulisoma mwaka wa nne. Nilikuwa naikosa hiyo moja, nywele. Kichwa chake kilikuja kitupu, nikadhani kimenyolewa."

"Sasa jina unalo. Na jioni haijafika, hata saa sita bado."

"Ndiyo, Ba'mdogo."

"Haya, dawa yake nini?"

Thoai alisikia sauti za hospitali upande wa pili, toroli likipita, mtu akiitwa.

"Dawa yake ni kuacha," alisema daktari.

"Kuacha nini?"

"Kuacha kuila. Hao wengine wakiacha leo watapona. Nywele zitaota, kucha zitaota. Dawa ya kuitoa mwilini hatuna. Hakuna mahali wanayo."

"Lakini yeye ameacha tangu juzi!"

"Najua."

"Binti, nimekuletea jina. Ulisema nikuletee jina."

"Nilisema. Nilidhani litakuwa jina lenye dawa. Mlete Bibi Mkuu. Msichelewe."

Aliporudi jikoni, Dieu Man alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Nifunge," alisema. "Tafadhali, Inspekta. Nifunge."

Pingu zilikuwa kiunoni mwa Thoai. Alikuwa na mtendaji, kitendo, na chombo kilichotumika, ushahidi kamili kuliko kesi yoyote aliyofunga mwaka huo, na hakujua afanye nini navyo. Alilichukua kopo akalitia kwenye mfuko wa ushahidi. Akamwambia kwamba atahojiwa rasmi kesho, na kwamba maziwa ya leo yamwagwe shimoni, mbali na fungu la panya. Dieu Man alibaki na mikono yake hewani.

Bibi Mkuu hakuwa ametoka nje ya lango lile kwa miaka tisa. Alikaa kiti cha nyuma cha gari la polisi, mgongo wima, hakuuliza lolote mpaka walipovuka daraja.

"Hakula," alisema.

"Hakula, Bibi Mkuu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Mashamba ya mpunga yalipita dirishani. "Sasa kwa nini alikiri?"

Thoai alikaza mikono kwenye usukani. Hilo alilijua vizuri, lilikuwa kazi yake. "Nimehoji watu miaka ishirini na saba. Ukimuuliza mtu mara tatu, na akawa anakupenda, atakiri chochote ili usimuulize ya nne."

Alipotazama kwenye kioo, bibi alikuwa amefumba macho, na tasbihi imemwangukia mapajani.

Chumbani harufu ilikuwa nzito kuliko asubuhi. Daktari Lieu aliwafungulia, akatikisa kichwa kidogo kwa Thoai, akasogea pembeni. Mashine ya moyo ililia, ikapumzika, ikalia, na mapumziko yalikuwa marefu.

Bibi Mkuu alifika kitandani. Alishika chuma cha kitanda, akakunja goti moja, akakunja la pili, akapiga magoti sakafuni mbele ya mwanafunzi wake. Muuguzi aliyekuwa mlangoni akaziba mdomo. Daktari alikimbilia kumwinua, bibi akamsukuma mkono.

"Mwanangu," alisema. "Hukula. Mimi ndiye niliyekosea. Ilikuwa kwenye maziwa. Hukula kitu."

Tinh Nhu alifungua macho. Yalichukua muda kumpata aliyekuwa akisema, na yalipompata yakajaa hofu.

"Bibi Mkuu, inuka," alinong'ona. "Nilikula. Nisamehe."

"Hukula, mwanangu. Nisikilize. Ilikuwa kwenye maziwa."

"Nilikula." Kila neno lilikuja na pumzi yake, na kila pumzi na ile harufu. "Sijui lini. Labda usingizini. Nilijitafuta sana kule stoo, usiku kucha, nikaona lazima nilikula. Bado nanuka, Bibi Mkuu. Husikii?"

Kikongwe aligeuka akamtazama Thoai, kama watu wanavyomtazama shahidi wao mahakamani. Thoai alisogea hadi kitandani, akavua kofia.

"Dada Tinh Nhu. Mimi ni polisi. Nimechunguza, ushahidi ninao. Hukula."

Tinh Nhu alimwangalia kwa upole, kama mtu anayesikiliza mgeni aliyepotea njia. Kisha macho yake yakamrudia Bibi Mkuu, na mkono wenye kucha zilizong'oka ukaanza kutafuta kitu juu ya shuka.

"Nisamehe," alisema. "Nirudi ukumbini. Nisamehe."

"Huna kosa," alisema Bibi Mkuu. Sasa alikuwa akilia waziwazi. "Huna kosa, huna kosa."

"Nisamehe."

Mashine ilipumzika, ikapumzika zaidi. Daktari Lieu alipiga hatua moja mbele, akasimama. Bibi Mkuu, ambaye alikula kiapo cha kutosema uongo akiwa na miaka kumi na minane na akakishika miaka sitini, aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akauweka shavuni.

"Nimekusamehe," alisema.

Tinh Nhu akasema ahsante.